Mwongozo kamili: Kutengeneza msaada wa programu mtandaoni kwa bajeti finyu

Wanaojaribu kazi hii bila mwalimu hukwama karibu wote mahali pamoja. Hupakua zana ya kutengenezea kurasa, hucheza na rangi zake siku mbili, kisha hufungua programu wanayotaka kuieleza na kuanza na menyu ya kwanza upande wa kushoto, kitufe baada ya kitufe. Wakifika menyu ya tatu wamechoka, bando limekwisha, na hakuna ukurasa hata mmoja uliomfikia mtumiaji. Kosa haliko kwenye zana wala kwenye wembamba wa mfuko, bali kwenye mpangilio wa kazi. Hapa tutaugeuza mpangilio huo: maswali yatatangulia, kurasa chache zitafuata, kisha picha, na zana itakuja karibu na mwisho.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni programu ya mauzo inayotumika katika duka la vipuri vya magari kwenye barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Keshia huuza plagi, filta za oili na breki, hupokea pesa taslimu au M-Pesa, na hutoa risiti. Badala ya programu hiyo weka yako. Hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu.
- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Laptopu iliyokwisha kutumika, ya aina inayouzwa Luthuli Avenue, inatosha ikiwa ina gigabaiti 4 za kumbukumbu.
- Notepad++, ambayo ni ya bure na ina uzito wa chini ya megabaiti 10. Usiandikie kurasa hizi kwenye Word, kwa sababu Word hupindisha alama za nukuu na kuongeza mambo yasiyoonekana ambayo yatakusumbua baadaye.
- Python, lugha ya kompyuta ambayo MkDocs huitegemea, yenye karibu megabaiti 30 kuipakua, na MkDocs yenyewe, ambayo ni programu ya chanzo huria ya kugeuza matini ya kawaida kuwa tovuti ya msaada.
- Zana ya kukata picha ya skrini iliyomo tayari ndani ya Windows, pamoja na Paint.
- Akaunti ya GitHub, huduma ya mtandaoni itakayobeba tovuti yako. Akaunti hiyo hailipiwi.
- Nakala ya majaribio ya programu unayoieleza, yenye data ya kubuni.
- Watu wawili: mmoja anayeitumia programu hiyo kila siku, na mwingine ambaye hajawahi kuiona.

Jumla ya kupakua haifiki megabaiti 60. Watu wengi hujiandaa kwa kila kitu isipokuwa hao watu wawili, na bila wao utakuwa unaandika gizani.

Utasikia habari za zana za kulipia kama MadCap Flare na Adobe RoboHelp. Ni zana nzuri kwa kampuni yenye waandishi kadhaa wanaotoa matoleo mengi ya matini moja. Kwa mtu mmoja mwenye kurasa kumi hazina kazi ya maana ya kufanya, kwa hiyo usione haya kuziacha.

## Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kugusa kompyuta

Weka daftari kando ya simu ambayo watumiaji hupiga wanapokwama, au mpe mtu anayeipokea simu hiyo. Kwa wiki mbili kila swali liandikwe kama lilivyosemwa, bila kulisafisha. Mtu akisema "risiti imekataa kutoka", usiandike "hitilafu ya printa". Maneno yake ndiyo atakayoandika kwenye kisanduku cha kutafuta siku nyingine, na ndiyo yatakayokuwa kichwa cha ukurasa kwenye menyu ya tovuti.

Swali likijirudia, weka mstari mmoja kando yake, kama unavyohesabu kura. Kwenye duka letu orodha ilianza hivi: "Risiti haitoki." "Nimekosea bei, nitaibadilisha vipi?" "Mteja amelipa kwa M-Pesa lakini mauzo yanasema hajalipa." "Nimeuza kitu ambacho programu inasema hakipo."

Sababu ya hatua hii naijua kwa gharama. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii, nikiwa na mwajiri ambaye sitamtaja, ilikuwa kurasa zaidi ya sitini zilizofuata menyu za programu kwa uaminifu mkubwa. Simu hazikupungua hata kidogo. Jibu la swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwapo, lakini nililizika chini ya kichwa "Usanidi wa vifaa vya nje", na hakuna keshia duniani anayeiita printa yake kifaa cha nje.

Utajua umefaulu utakapokuwa na maswali kumi yaliyopangwa kwa wingi wa mistari yake. Hayo kumi ndiyo toleo lako la kwanza. Ukivutwa kuongeza la kumi na moja, jizuie.

## Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja hadi uwe mzuri

Chukua swali la juu kabisa na uliandikie ukurasa mmoja. Usianze la pili kabla la kwanza halijapita majaribio ya Hatua ya 4, kwa sababu makosa utakayoyagundua huko utakuwa umeyarudia kwenye kurasa zote kumi.

Huu hapa ni ukurasa wenye kasoro ambazo nimeziona mara nyingi:

> Moduli ya mauzo humwezesha mtumiaji kufanya marekebisho ya bei. Bei inaweza kurekebishwa kwa kutumia kitufe husika baada ya bidhaa kuchaguliwa, kisha mabadiliko yahifadhiwe. Ikumbukwe kwamba mauzo yaliyokwisha kulipiwa hayapaswi kurekebishwa kwa njia hii.

Keshia mwenye mteja mbele yake hawezi kulitumia hilo. Hajui kitufe husika ni kipi, hajui nani anayeambiwa ahifadhi, na onyo limekuja baada ya yeye kuwa amekwisha kubonyeza. Sasa huu hapa ukurasa uleule, ukiwa umeandikwa kwa alama za Markdown ambazo MkDocs inazielewa:

```
# Kurekebisha bei kabla mteja hajalipa

Umekosea bei na bado hujabonyeza Pay? Rekebisha hivi.

Onyo: Ikiwa mteja ameshalipa, usifuate hatua hizi.
Fungua ukurasa wa [Kurudisha mauzo](kurudisha-mauzo.md).

1. Kwenye orodha ya mauzo, bonyeza mstari wa bidhaa
   yenye bei isiyo sahihi. Mstari unageuka kuwa wa buluu.
2. Bonyeza Edit. Kisanduku cha bei kinafunguka.
3. Futa bei ya zamani, andika bei mpya.
4. Bonyeza Save. Jumla iliyo chini inabadilika.

Jumla isipobadilika, rudi hatua ya 1: huenda
ulibonyeza mstari wa bidhaa nyingine.
```

Angalia jinsi hatua ya kwanza ya ukurasa huo ilivyopangwa: mahali, kisha tendo, kisha kile kitakachoonekana. Mahali hutangulia kwa sababu msomaji hutenda papo hapo anaposoma. Ukimwambia "bonyeza Edit kwenye orodha ya mauzo", atabonyeza Edit ya kwanza atakayoiona kabla hajafika mwisho wa sentensi. Kile kitakachoonekana hufuata tendo ili ajue kwamba hajapotea. Onyo nalo hukaa juu ya tendo linalohusika.

Alama zenyewe ni chache. Alama moja ya reli (#) mwanzoni mwa mstari ni kichwa, nyota mbili kila upande hukoleza wino, namba na nukta hutengeneza hatua, na mabano ya mraba yakifuatiwa na ya kawaida hutengeneza kiungo. Utakazohitaji ni hizo pamoja na ile ya picha, ambayo inakuja.

### Ngeli ya N itakuponza

Ngeli hazimo katika vitabu vya Kiingereza vinavyofundisha kazi hii, kwa hiyo kosa hili ni letu kulichunga. Soma sentensi hii: "Ikiwa printa imeunganishwa na kompyuta na programu inaonyesha kosa, izime kisha iwashe tena." Izime ipi? Printa, kompyuta na programu zote ziko katika ngeli moja, na zote huchukua kiambishi kilekile. Keshia wetu alizima kompyuta, na mauzo aliyokuwa hajayahifadhi yakapotea.

Maneno ya kazi hii, kama vile skrini, menyu, risiti, bei, akaunti na simu, karibu yote yamo humo. Kwa hiyo rudia nomino hata kama mwalimu wako wa insha angekukataza: "Zima printa. Subiri sekunde 10. Washa printa." Sentensi hizo hazina uzuri wowote, lakini hakuna atakayezima kitu kingine.

### Neno moja kwa jambo moja

Amua mapema utasema "bonyeza" au "bofya", kisha usibadilishe. Msomaji akikuta yote mawili atadhani ni matendo tofauti. Mimi hutumia "bonyeza" kwa kuwa ndilo wanalolijua hata wasiokaa kwenye kompyuta. Jihadhari na "kitufe", ambacho huwa cha kwenye skrini na pia cha kwenye kibodi; ikiwa ni cha kibodi, sema hivyo.

Majina ya vitufe yaandikwe kama yalivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi. Ikiwa skrini inasema Save, usiandike "Hifadhi", hata kama moyo wako wa Kiswahili unauma, kwa sababu msomaji atalitafuta neno hilo na hatalipata. Maelezo yawe ya Kiswahili, jina la kitufe libaki la skrini. Pale programu yenyewe inapotumia Kiswahili, fuata maneno yake. Kwa istilahi nyingine, badilisha lugha ya simu yako ya Android iwe Kiswahili kwa siku chache uone watu wanavyokutana na maneno kama Mipangilio, Ghairi na Hifadhi; hayo tayari yana macho yaliyoyazoea.

Ukitaka masomo ya uandishi wa namna hii, Google imeweka bure mtandaoni kozi zake za uandishi wa kiufundi, na Microsoft imeweka wazi mwongozo wake wa mtindo. Yote mawili ni kwa Kiingereza, na ushauri wake kuhusu sentensi fupi na mpangilio wa hatua unahamia kwetu bila taabu.

Utajua umefaulu ukisoma ukurasa kwa sauti huku mtu mwingine akiwa ameshika kipanya, naye asikuulize hata mara moja "hapo ni wapi?"

## Hatua ya 3: Piga picha chache, nazo ziwe nyepesi

Picha ndizo gharama halisi ya kazi hii. Kuandika upya sentensi huchukua dakika moja. Programu ikibadilisha rangi ya menyu, picha zako zote zinazeeka usiku mmoja. Kwa hiyo weka picha pale tu ambapo msomaji asingepata kitu kwa maneno, kwa mfano ikoni isiyo na jina. Hatua inayosema "Bonyeza Save" haihitaji picha ya kitufe cha Save.

Fanya hivi:

1. Fungua nakala ya majaribio ya programu. Usitumie kompyuta ya dukani yenye wateja halisi.
2. Bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja kwenye kibodi, kisha zungushia sehemu unayoihitaji pekee. Acha kingo kidogo ili msomaji atambue yuko upande gani wa skrini.
3. Bandika kwenye Paint. Ikiwa upana unazidi pikseli 800, upunguze.
4. Weka mshale au kisanduku chekundu kimoja. Vikiwa vitatu, hizo ni picha tatu.
5. Hifadhi kama PNG, kwa jina la herufi ndogo lisilo na nafasi, kama `bei-hatua-2.png`.

PNG huacha herufi za skrini zikiwa kali, ilhali JPEG huzizungushia ukungu. Lenga picha isiyozidi kilobaiti 100. Kurasa kumi zenye picha nne kila moja zitakuwa megabaiti 4; ukipiga skrini nzima na kila picha ikawa megabaiti 1, ni megabaiti 40, na anayezilipia ni mtumiaji kwa bando lake.

Onyo kubwa: Majina, namba za simu na malipo ya wateja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Usitegemee kuzifunika baadaye. Kisanduku cheusi kilichowekwa ndani ya waraka wa Word huweza kuondolewa na picha ya chini ikaonekana, na ukungu wa pikseli wakati mwingine husomeka. Njia salama ni kutoziweka tangu mwanzo: mteja aitwe "Mteja wa Mfano", na namba yake iwe sifuri mfululizo.

Kwenye ukurasa, picha huingizwa hivi: `![Orodha ya mauzo, mstari wa plagi ukiwa wa buluu](picha/bei-hatua-2.png)`. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba husomwa kwa sauti kwa watumiaji wasioona, na huonekana pia pale mtandao unapokuwa mbovu na picha ikakataa kufunguka. Hilo la pili hutokea Nairobi kila siku, kwa hiyo yaandike vizuri.

## Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kujenga tovuti

Chapisha ukurasa kwenye saiba, au ufungue kwenye simu, na umpelekee yule mtu ambaye hajawahi kuiona programu. Mpe kazi, usimpe maelezo: "Umeuza plagi kwa bei isiyo sahihi. Irekebishe." Kisha nyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Mkono utakuwasha umwonyeshe; uweke mfukoni.

Mtu wangu wa majaribio alikuwa mama anayeuza nguo Gikomba. Nilimwambia, "Mama, leo nitakaa tu hapa, sitasema neno." Alifika hatua ya tatu ya ukurasa wa malipo, akaitazama skrini muda mrefu, kisha akasema, "Kijana, hii 'thibitisha' yako iko wapi? Mimi naona ya kijani inasema Confirm." Kanuni ya majina ya vitufe niliyokupa hapo juu ilitoka kwake, wala si kitabuni.

Andika kila mahali anaposita, hata kama baadaye anaendelea mwenyewe. Anaposita ndipo penye kosa, na kosa ni la ukurasa. Usiruhusu aombe radhi. Rekebisha, kisha tafuta mtu mwingine, kwa sababu wa kwanza ameshajifunza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kwa bajeti yetu, watatu na soda zao wanatufikisha mbali.

Utajua umefaulu mtu mpya atakapomaliza kazi kwa kusoma tu. Sasa ndipo unaandika kurasa tisa zilizobaki kwa mtindo uleule.

## Hatua ya 5: Unganisha kurasa kwa MkDocs

Sakinisha Python kutoka tovuti yake rasmi. Katika dirisha la kwanza kabisa la usakinishaji, chini, kuna kisanduku chenye maneno Add python.exe to PATH. Kitie alama. Wengi hukiruka, na kila amri inayofuata hukataa huku wakidhani kompyuta yao ni mbovu.

Bonyeza Start, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika amri hizi moja moja:

```
pip install mkdocs==1.6.1
mkdocs new msaada
cd msaada
mkdocs serve
```

Namba ya toleo nimeiweka kwa makusudi, ili mabadiliko ya matoleo yajayo yasiuvuruge mwongozo huu mikononi mwako. Ukiambiwa `mkdocs` haijulikani, tanguliza `python -m` kwenye kila amri ya `mkdocs`, kwa mfano `python -m mkdocs serve`.

Fungua kivinjari na uandike `127.0.0.1:8000`. Utaona ukurasa wa mfano. Tovuti hiyo iko ndani ya kompyuta yako pekee, kwa hiyo haili bando, na kila unapohifadhi, badiliko hujionyesha lenyewe.

Weka kurasa zako, kila moja ikiwa faili lenye jina linaloishia na `.md`, ndani ya folda ya `docs`, na picha ndani ya `docs/picha`. Kisha fungua faili la `mkdocs.yml` kwa Notepad++ na uliandike hivi:

```
site_name: Msaada wa Programu ya Duka
theme:
  name: readthedocs
use_directory_urls: false
nav:
  - Mwanzo: index.md
  - Risiti haitoki: risiti-haitoki.md
  - Nimekosea bei: kurekebisha-bei.md
```

Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari ni sehemu ya maana yake. Tumia nafasi za kawaida. Kitufe cha Tab kitalivunja faili hili na ujumbe wa kosa utakaoupata hautakusaidia sana. Maneno machache ya mandhari (theme), yaani sura ya tovuti, kama Next, yatabaki ya Kiingereza, na unaweza kuyavumilia.

Kisanduku cha kutafuta kinakuja bure, lakini kina upofu mmoja: hakijui viambishi vyetu. Hulinganisha maneno mazima, kwa hiyo anayeandika "rekebisha" huenda asipate ukurasa wenye "kurekebisha" tu. Dawa ni kuweka maumbo kadhaa katika aya ya kwanza ya ukurasa bila kuilazimisha: "Ili kurekebisha bei uliyokosea, rekebisha kabla mteja hajalipa." Rudi kwenye daftari la Hatua ya 1 uchukue maumbo waliyoyatumia wenyewe.

## Hatua ya 6: Weka mtandaoni, na nakala moja kwenye flashi

Rudi kwenye dirisha la amri, bonyeza Ctrl na C ili usimamishe onyesho, kisha andika `mkdocs build`. Folda mpya iitwayo `site` itatokea. Ndani yake kuna tovuti nzima.

1. Ingia GitHub na uanzishe hazina mpya (repository), yaani mahali pa kuweka mafaili yako, iitwayo `msaada`. Chagua Public, kwa sababu tovuti ya bure hutolewa kwa hazina za wazi.
2. Bonyeza kiungo cha uploading an existing file.
3. Fungua folda ya `site`, chagua vyote vilivyomo ndani, uviburute hadi kwenye ukurasa huo. Buruta vilivyomo, usiburute folda yenyewe. Ukikosea hapa, anwani yako itaonyesha kosa la 404, yaani ukurasa haukupatikana.
4. Bonyeza Commit changes.
5. Nenda Settings, kisha Pages. Kwenye Branch chagua main, acha / (root), bonyeza Save.

Baada ya dakika chache tovuti itafunguka kwa anwani ya namna ya `jinalako.github.io/msaada`. Kupakia kwa kivinjari kunakubali mafaili yasiyozidi 100 kwa mara moja, kwa hiyo ukiwa na picha nyingi gawanya mara mbili.

Mipaka ya huduma hii ni tovuti isiyozidi gigabaiti 1, na matumizi ya kadirio la gigabaiti 100 kwa mwezi. Ukurasa wa kilobaiti 400 ungeweza kufunguliwa mara 250,000 kabla ya kuufikia mpaka huo. Duka la Kirinyaga haliko karibu na hesabu hizo. Anwani ya kununua yenye .co.ke inaweza kungoja.

Ikiwa picha zinaonekana nyumbani lakini mtandaoni zimetoweka, kagua herufi kubwa na ndogo. Windows huona `Bei.png` na `bei.png` kuwa kitu kimoja; seva ya GitHub huona ni vitu viwili. Nilipoteza jioni nzima kwa herufi moja B.

Onyo: Hazina ya wazi husomwa na yeyote. Nenosiri la majaribio, bei za jumla na anwani za ndani za seva zisionekane humo, hata kwa muda mfupi, kwa sababu GitHub huhifadhi matoleo ya zamani.

Sasa nakili folda hiyo hiyo ya `site` kwenye flashi na uiweke katika kompyuta ya dukani. Ule mstari wa `use_directory_urls: false` ndio unaowezesha kurasa kufunguka kwa kubonyeza faili bila intaneti. Kisanduku cha kutafuta huenda kisifanye kazi kwa njia hiyo, ila menyu itafanya, na keshia ambaye bando lake limekwisha saa tano asubuhi atakuwa na jibu mezani.

## Hatua ya 7: Utunze kwa daftari lile lile

Andika chini ya kila ukurasa toleo la programu uliloeleza na tarehe uliyoukagua. Mwombe mtengenezaji wa programu akuambie kabla ya kubadilisha jina la kitufe chochote. Usimwombe akueleze kila kitu, kwa kuwa hatafanya hivyo. Weka pia orodha fupi ya picha na kurasa zake, ili menyu ikibadilika ujue ni zipi za kupiga upya.

Kila badiliko hupita njia ile ile: hariri, tazama kwa `mkdocs serve`, jenga, pakia tena. Mafaili yenye jina lile lile yatachukua nafasi ya yale ya zamani.

Kisha rudi kwenye simu. Mtu akipiga kuuliza jambo ambalo limeshaandikwa, mtumie kiungo cha ukurasa huo huo, si cha mwanzo wa tovuti, na umuulize alitafuta kwa neno gani akakosa. Liandike neno hilo daftarini na uliingize kwenye aya ya kwanza. Akiuliza jambo jipya, weka mstari mmoja. Jambo likifikisha mistari mitatu katika wiki mbili, huo ndio ukurasa wako wa kumi na moja.